Mazoezi Yawe Mazoea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yanaanzia ya msingi na kuishia kwenye hali za pekee. Si lazima uyasome yote kwa mpigo. Penye jibu linalogusa swali jingine, namba yake imetajwa. Ukiwa na muda wa kusoma matatu tu, soma la 2, la 6 na la 13.

## Ya msingi

1. Kwa nini kila nikianza mazoezi naenda kwa kasi wiki mbili tatu, halafu naacha?

Kwa sababu mpango uliutunga siku ambayo ari ilikuwa juu kabisa, ukautungia siku ambazo ari haitakuwepo. Jumapili jioni umeshiba na umepumzika, unajiandikia saa nzima ya mazoezi, siku sita kwa wiki. Alhamisi ya wiki ya pili umerudi hoi, mvua inanyesha, na ile saa nzima imegeuka mlima. Mtaani wanaiita nguvu ya soda: povu la mwanzo ni la kweli, ila halikai.

Nia siyo inayokosekana. Tafiti za mazoezi zimeonyesha mara kwa mara kwamba takriban nusu ya wanaokusudia kuyafanya hawayafanyi. Kwa hiyo kujikemea na kutafuta video za kukutia hamasa ni kuongeza kitu ambacho tayari unacho. Punguza mpango mpaka utekelezeke hata siku mbaya (swali la 5), kisha ufunge kwenye jambo linalotokea kila siku bila wewe kuamua (swali la 6).

2. Ari na mazoea vinatofautianaje?

Ari ni hisia. Leo ipo, kesho haipo. Mazoea ni kitendo kinachojiwasha chenyewe ukikutana na kichocheo chake, kama mkono unavyoifuata swichi ya taa ukiingia chumbani hata ukijua umeme umekatika. Lugha yenyewe imetupa dokezo: mazoezi na mazoea yote yametoka kwenye kuzoea.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Kinachogeuka kuwa mazoea ni kule kuanza. Zoezi lenyewe, yaani raundi ya tatu ya kuchuchumaa au kile kilima cha mwisho, litaendelea kudai juhudi hata baada ya miaka kumi, na anayesubiri siku litakapokuwa jepesi atasubiri sana. Alison Phillips na Benjamin Gardner waliyatenganisha mambo haya mawili katika utafiti wao wa mwaka 2016. Wakakuta kwamba mazoea ya kuamua na kuanza ndiyo yaliyoonyesha mtu atafanya mazoezi mara ngapi. Mazoea ya namna ya kuyafanya hayakuonyesha hivyo.

Kivitendo, linda dakika tano za kwanza: kuvaa raba, kufungua mlango, kutoka. Ukishafika hapo, kiasi cha mazoezi kinaweza kupanda na kushuka kila siku bila kuharibu kitu. Karibu majibu yote yaliyobaki hapa chini yanatokana na hilo.

3. Ni kweli siku 21 zinatosha kujenga tabia?

Hapana. Namba hiyo asili yake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura huko Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Neno "angalau" likadondoka njiani, na sura ikageuzwa kuwa kila tabia chini ya jua.

Kipimo cha maana zaidi ni cha Phillippa Lally na wenzake wa University College London, kilichochapishwa mwaka 2010. Walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijenga tabia moja mpya. Muda wa kati ulikuwa siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kunywa glasi ya maji kulizoeleka upesi, mazoezi yalichelewa. Na kukosa siku moja hakukuvunja kilichokwisha kujengwa.

Utafiti mwingine, wa Navin Kaushal na Ryan Rhodes mwaka 2015, uliwafuata wanachama wapya 111 wa jimu. Waliojenga mazoea ni wale waliokwenda angalau mara 4 kwa wiki kwa muda wa wiki 6. Kwa hiyo jipe miezi miwili hadi mitatu, na katika kipindi hicho mara nne fupi zina faida kuliko mara mbili ndefu.

4. Kiasi gani kwa wiki kinatosha? Na hizo hatua 10,000 ni lazima?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kadiri (kutembea haraka, baiskeli ya mwendo wa kawaida), au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na kuimarisha misuli mikubwa siku 2 au zaidi. Mwongozo wa awali ulitaka kila kipande kisipungue dakika 10. Wa 2020 uliondoa sharti hilo. Ngazi ulizopanda kwa dakika tatu nazo zinahesabika.

Hatua 10,000 hazikutoka maabara. Zilitokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani katikati ya miaka ya 1960, ambacho jina lake lilimaanisha kipima hatua 10,000. Ni lengo zuri kwa anayelimudu. Kama sasa unatembea hatua 3,000 kwa siku, lenga 4,500 kwanza.

## Kuanza

5. Sijafanya mazoezi kwa miaka. Nianzie wapi hasa?

Anza na kiasi ambacho ungekiweza hata siku uliyolala kwa muda wa saa nne tu. Kwa watu wengi, huu unafaa:

- Wiki ya 1 na 2: tembea haraka dakika 10, siku 4 kwa wiki, muda uleule. Basi.
- Wiki ya 3 na 4: dakika 15. Siku mbili kati ya hizo, ukirudi, kaa na kuinuka kwenye kiti mara 8, kisha pushapu za ukutani mara 8. Pumzika dakika 1, rudia.
- Wiki ya 5 hadi 8: ongeza dakika 5 kila wiki mpaka ufike 35. Mazoezi ya kiti na ukuta yawe raundi 3.

Hadi hapo uko kwenye dakika 140 kwa wiki, jirani kabisa na kiwango cha swali la 4.

Zoezi la kiti linaharibiwa na wengi, kwa hiyo tulitazame. Kiti kiwe kigumu, kisicho na magurudumu, kimeegemea ukuta. Kaa nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote chini, upana wa mabega. Inamisha kifua mbele kidogo, sukuma sakafu kwa visigino, simama. Kushuka ndiko kwenye faida: hesabu moja, mbili, tatu, makalio yaguse kiti bila kujibwaga. Magoti yakianza kuelekeana, yasukume nje yafuate vidole vya miguu. Ukiweza 12 bila kuhema, shika mkoba wenye vitabu kifuani.

Kosa la wiki ya kwanza ni kuona "hii rahisi mno" na kuongeza maradufu. Rahisi ndiyo tuliyoitaka. Wakati huu unajifunza kutoka nyumbani tu. Isitoshe, pumzi na misuli huimarika mapema kuliko kano na mifupa, kwa hiyo mwili unakudanganya kuwa uko tayari, halafu wiki ya tatu ugoko unauma na unapumzika mwezi mzima.

6. Nawezaje kuhakikisha nakumbuka, na kweli naanza?

Andika sentensi moja yenye sura hii: "Nikisha___, nita___." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alifafanua mbinu hii mwaka 1999, na imejaribiwa mara nyingi. Katika jaribio moja la mwaka 2002, washiriki walioambiwa faida za mazoezi na kisha kuandika siku, saa na mahali watakapoyafanya, asilimia 91 walifanya angalau mara moja wiki iliyofuata. Walioelezwa faida bila kuandika mpango: chini ya asilimia 40. Wasiopewa lolote kati ya hayo: nao chini ya asilimia 40. Yaani kuelezwa faida peke yake karibu hakukuongeza kitu.

Nusu ya kwanza ya sentensi ndiyo ngumu. Kichocheo kizuri hutokea kila siku, kina mwisho unaoonekana, na kiko karibu na mahali utakapoanzia. "Jioni" hakifai. "Baada ya kazi" nacho ni kipana. Baada ya kazi kuna saa sita nzima za kuahirisha. Linganisha na hiki: "Nikishatundika mkoba nyuma ya mlango, nitavaa raba kabla sijakaa." Mkoba unatundikwa mara moja, raba ziko palepale chini yake, kamba zimelegezwa tangu jana ili mguu uingie bila kuinama sana, soksi ziko ndani. Na maneno mawili ya mwisho yana uzito kuliko yote. Mtu akishaketi "dakika tano tu", mwili unapoa, simu inatoka mfukoni, na siku imekwisha.

Kengele ya simu ni msaada dhaifu, kwani hulia popote ulipo, hata jikoni mikono ikiwa na unga. Ukishaizima mara tatu bila kutoka, utakuwa umezoea kuizima.

Ongeza sentensi ya pili kwa kikwazo unachokijua: "Mvua ikinyesha, nitafanya raundi nne za kiti na ukuta humu ndani." Kikwazo kisichopangiwa jibu hugeuka ruhusa.

7. Asubuhi au jioni?

Ile ambayo haiingiliwi. Asubuhi ina faida hiyo: dharura nyingi bado hazijaamka. Lakini anayelala saa sita usiku akajilazimisha kuamka saa kumi na moja anaiba usingizi, na wizi huo hauendi mbali. Mazoezi ya jioni kwa wengi hayaharibu usingizi, mradi yale makali yaishe angalau saa moja kabla ya kulala.

8. Ni lazima nijiunge na jimu?

Hapana. Jimu ina uzuri wake: ukiingia, hakuna kingine cha kufanya. Lakini safari ya kwenda ni sehemu ya kuanza, na kila hatua ya ziada ni mahali pa kughairi. Kama haiko kwenye njia unayopita kila siku, usilipie mwaka mzima. Lipia mwezi, uone.

9. Ni zoezi gani linalodumu kuliko mengine?

Usiloliogopa. Swali zuri la kujiuliza: nikikumbuka kipindi kilichopita, nasikia nini tumboni? Ukisikia uzito, punguza ukali (swali la 11) au badili zoezi kabla hujajiita mvivu. Pia chagua lenye maandalizi machache. Kuogelea ni zoezi bora sana, lakini lina begi, taulo, nguo, safari na nywele za kukausha. Katika miezi mitatu ya kwanza, kuruka kamba uani kutalishinda, si kwa ubora wake bali kwa kuwa karibu.

## Siku ambazo mwili hautaki

10. Leo nimechoka kabisa. Nijilazimishe?

Anza, kisha uamue. Vaa, toka, tembea dakika tano. Baada ya hapo una ruhusa kamili ya kurudi, bila lawama. Mara nyingi utaendelea, kwa sababu uchovu wa kukaa na mawazo huyeyuka damu ikianza kuzunguka. Ukirudi baada ya dakika tano, hiyo nayo imehesabika, maana kuanza kumetimia (swali la 2).

Ruhusa hiyo lazima iwe ya kweli. Ukijidanganya kwa "dakika tano" halafu kila mara unajikokota hadi arobaini, wiki ijayo hutajiamini tena.

Uchovu wa aina nyingine husikilizwa: umelala chini ya saa tano usiku mbili mfululizo, mapigo ya moyo asubuhi yako juu kuliko kawaida yako, miguu mizito tangu juzi. Siku hiyo tembea polepole tu, au lala.

11. Mimi naona mazoezi ni mateso. Wanaosema wanayafurahia wanadanganya?

Wengi wao hawadanganyi. Wanafanya kwa ukali tofauti na wako. Panteleimon Ekkekakis, aliyechunguza suala hili kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba chini ya kiwango fulani cha ukali watu wengi hujisikia vizuri wakati wa zoezi, na wakikivuka, karibu kila mtu hujisikia vibaya. Kiwango hicho ni pale pumzi inapoanza kukushinda. Kwa asiye na mazoea kiko chini sana, kiasi kwamba hata kukimbia taratibu kunakivuka.

Huhitaji saa ya kupima moyo. Zungumza. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye ukali wa kadiri. Ukitoa maneno mawili matatu kisha unavuta pumzi, ni makali. Ukiweza kuimba beti nzima, ongeza mwendo. Kaa hapo pa kuzungumza kwa wiki nane za kwanza. Ukikimbia, kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 6.

Dakika ya mwisho inakumbukwa kuliko za katikati. Maliza kwa mwendo mpole, usimalize kwa mbio za kufa na kupona, kwa sababu kumbukumbu hiyo ndiyo itakayokuja kesho kichocheo kikitokea.

12. Muziki, vipindi vya kusikiliza, tamthilia: vinasaidia kweli?

Vinasaidia, hasa ukiweka sharti: hadithi hii naisikiliza nikiwa natembea tu. Katy Milkman na wenzake waliijaribu mbinu hiyo kwa vitabu vya kusikiliza jimu, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Mahudhurio yalipanda mwanzoni, kisha yakashuka, hasa baada ya likizo kukata mfululizo. Basi ichukulie kama chambo cha kukutoa nje wiki za mwanzo. Na ukipita barabara yenye magari, sikio moja liwe wazi.

13. Nimekosa wiki nzima. Nianze upya?

Huanzi upya, unarudi. Nguvu za misuli hukaa wiki tatu hivi au zaidi bila kupungua sana. Pumzi ndiyo hushuka mapema, hushuka kwa kuonekana ndani ya wiki mbili hadi nne, nayo hurejea haraka kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza.

Kinachoua mpango ni yale mawazo ya "nimeshaharibu, nitaanza Jumatatu". Jumatatu ikikukosa, inakuwa tarehe moja. Tarehe moja ikipita, mwaka mpya. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti mkubwa uliohusisha wanachama 61,293 wa kampuni moja ya jimu ya Marekani, ukijaribu mbinu 54 kwa pamoja. Iliyoongoza ilikuwa ndogo kupita kiasi: zawadi ya senti chache kwa aliyerudi baada ya kukosa siku aliyopanga. Tahadhari ni kwamba wiki nne za majaribio zilipoisha, mbinu chache tu ziliacha alama.

Panga kurudi kabla hujakosa, kwa sentensi ya swali la 6: "Nikikosa siku moja, kesho yake nitafanya dakika 10 tu." Baada ya wiki moja nje, fanya nusu ya ulichokuwa unafanya kwa vipindi viwili, kisha endelea. Baada ya mwezi, rudi ngazi mbili nyuma kwenye mpango wa swali la 5. Usilipie deni. Kufidia siku nne ndani ya Jumamosi moja ndiyo njia fupi ya kukosa wiki nyingine.

14. Maumivu ya misuli baada ya mazoezi yananikatisha tamaa.

Maumivu yanayoanza saa kadhaa baadaye na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72 ni ya kawaida kwa zoezi geni, hasa lenye kushuka taratibu. Mara ya pili hupungua sana. Tembea taratibu, sogeza viungo, usirudie zoezi lile kwa siku mbili. Maumivu makali ya ghafla, ya kiungo badala ya msuli, yanayovimba au kukuamsha usiku, hayo simamisha na uyapeleke kwa daktari. Na mkojo ukigeuka rangi ya chai nzito baada ya mazoezi makali, nenda hospitali siku hiyohiyo.

## Kujipima na wenzako

15. Miezi miwili sasa, uzito haujapungua. Nini faida?

Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo na polepole. Chakula ndicho chenye usukani huo. Anayefanya mazoezi kwa ajili ya mizani amejiweka mikononi mwa kipimo kinachopanda na kushuka kilo moja au mbili kwa sababu ya maji na chumvi tu. Tafuta vipimo vinavyosogea mapema: usingizi, ngazi zisizokuhemesha, mara ngapi unainuka kwenye kiti ndani ya sekunde 30, muda wa kuzunguka mtaa uleule. Pima kila baada ya wiki nne.

16. Nitumie programu ya simu, au daftari?

Chochote kinachochukua sekunde kumi. Kalenda ya ukutani na kalamu bado havijashindwa. Andika kitu kimoja: nilianza au sikuanza. Dakika na umbali ni hiari.

Angalia mtego wa mfululizo. Programu nyingi huhesabu siku zisizokatika, na siku ya 47 ikikatika, namba inarudi sifuri kana kwamba siku 46 hazikutokea. Watu huacha siku hiyo. Hesabu kwa wiki: "mara 4 kati ya 7", au jumla ya mwezi, ambayo haishuki kamwe.

17. Mwenza wa mazoezi anasaidia au anakwamisha?

Vyote viwili. Ahadi ya kukutana kwenye kona saa kumi na mbili hutoa watu kitandani kuliko kengele yoyote. Tatizo huja mwenza akisafiri: wengi huacha siku hiyohiyo, maana kichocheo chao kilikuwa mtu. Kubalianeni mapema: asiyekuja anatuma ujumbe, na aliyebaki anatoka peke yake. Mwendo uwe wa aliye dhaifu. Mwenye kasi akimvuta mwenzake, atampoteza ndani ya mwezi.

18. Nikijiwekea zawadi au dau la fedha?

Dau hukusukuma mpaka likwishe, halafu uko palepale (swali la 13). Litumie kuvuka wiki za kwanza tu. Zawadi iwe ndogo na ya papo hapo. Safari kubwa ya mwisho wa mwaka haisaidii kuvaa raba leo. Na isipingane na zoezi lenyewe, kama kupumzika wiki nzima "kwa kuwa nimejitahidi".

## Hali za pekee

19. Nafanya kazi ya zamu. Sina saa ya kudumu.

Achana na saa, shika tukio. Kila zamu ina kuamka. "Nikishaamka na kunawa uso, nitavaa raba" hufanya kazi iwe saa moja asubuhi au saa tisa alasiri. Baada ya zamu ya usiku usifanye makali kabla ya kulala. Siku ya kubadili zamu iwe ya dakika 10 tu, na uipange hivyo tangu mwanzo isionekane kushindwa.

20. Nina mtoto mchanga au watoto wadogo.

Vunja mazoezi vipande vya dakika tano hadi kumi. Mwongozo wa 2020 unakuruhusu (swali la 4). Kichocheo chako ni usingizi wa mtoto wa mchana: akilala, raundi moja ya kiti na ukuta kabla ya kugusa vyombo. Aliyejifungua aanze na kutembea na mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga (ile inayozuia mkojo) kadiri anavyojisikia, na aulize mkunga au daktari kabla ya kuruka na kukimbia, hasa baada ya upasuaji. Mkojo ukivuja wakati wa kuruka, usivumilie. Ni jambo linalotibika.

21. Nikisafiri au nikihama, kila kitu kinavunjika.

Hilo lina sababu: vichocheo vyako vimebaki ulikotoka. Wendy Wood na wenzake walionyesha mwaka 2005, kwa wanafunzi waliohama vyuo, kwamba mazoea ya mazoezi yalivuka salama pale mazingira mapya yalipofanana na ya zamani. Ukihama, andika sentensi mpya ya swali la 6 ndani ya siku tatu za mwanzo, kabla jioni za nyumba mpya hazijapata wenyewe.

Kwa safari fupi, usibebe mpango mzima. Kipindi kimoja cha nguvu kwa wiki kinatosha kuhifadhi nguvu kwa wiki kadhaa, mradi uzito unaoinua usipungue. Cha kupanga kwa makini ni siku ya kurudi: kesho yake, dakika 10.

22. Nina mafua. Niendelee?

Pua tu inachuruzika: tembea taratibu ukijisikia. Homa, kifua, mwili kuuma wote, kutapika au kuharisha: acha kabisa mpaka homa iishe, kisha rudi na nusu.

23. Nina presha au kisukari, au nimevuka miaka 65.

Mazoezi ni sehemu ya tiba yako, lakini zungumza na daktari kabla ya kuanza yale makali. Mwenye presha asibane pumzi akiinua kitu. Atoe pumzi wakati wa kusukuma. Dawa za kundi la beta-bloka hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo namba za saa ya mkononi zitakudanganya. Tumia kipimo cha kuzungumza cha swali la 11.

Anayetumia insulini, au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, apime kabla. Ikiwa chini ya 5 mmol/L (90 mg/dL), ale kwanza gramu 15 hadi 30 za wanga, na atembee na kitu chenye sukari mfukoni. Akague nyayo baada ya kila kipindi. Kidonda kidogo asichokisikia ni sababu kubwa ya kusimama miezi.

Kwa waliovuka 65, ongeza mazoezi ya kujimudu kusimama, siku 3 kwa wiki: simama kwa mguu mmoja sekunde 10, kidole kimoja kikigusa ukingo wa meza, mara 5 kila mguu.

Kwa yeyote: kifua kubana, maumivu yanayoenda mkononi au tayani, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au kuhema kusiko kwa kawaida, simama na utafute msaada mara moja.

24. Nimedumu mwaka mzima, sasa nimechoshwa.

Usiguse kichocheo. Badili kinachofuata. Mkoba utundikwe palepale, raba zivaliwe vilevile, ila ukitoka geukia upande mwingine, beba kamba, au jiunge na timu ya mpira siku moja kwa wiki. Wengi hukosea hapa: hubadili zoezi, saa na mahali kwa pamoja, na mwaka mzima wa mazoea unafutika.

25. Nikikosa siku moja nakosa amani kabisa. Si ndiyo mazoea yenyewe?

Kuna tofauti. Mazoea yakikatizwa huacha kale kahisia ka kusahau kitu, kisha siku inaendelea. Ukiona unafanya mazoezi ukiwa na jeraha au homa, unaficha kiasi unachofanya, "unakilipa" kila chakula kwa dakika za kukimbia, au hedhi imekatika, hilo limeshatoka kwenye tabia nzuri. Mweleze daktari au mshauri wa afya ya akili kwa maneno hayohayo. Kwa hali iliyo nyepesi, panga siku moja ya mapumziko kila wiki na uiandike kwenye kalenda kama kipindi kamili, kwa kalamu ileile.